Jeni za kimelea cha malaria: maswali ya watu wa Lubumbashi

Kongo ni nchi ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria. Kwa hiyo kazi ya kuchunguza kimelea chenyewe, hadi ndani ya jeni zake, inatuhusu sana sisi tunaougua palu, yaani malaria, kila msimu wa mvua.

Jeni za kimelea ni nini?

Kimelea kinachoua zaidi kwetu ni *Plasmodium falciparum*, kiumbe cha seli moja tu kinacholetwa na mbu jike wa anofelesi. Kuingia katika chembe nyekundu ya damu, kula hemoglobini iliyomo, kukwepa kinga ya mwili: yote hayo kinayafanya kwa kufuata maagizo kiliyozaliwa nayo, na maagizo hayo ndiyo jeni. Mwaka 2002 wanasayansi walitangaza kwamba wameyasoma yote. Walikuta jeni kama 5,300 katika kromosomu 14, yaani nyuzi zinazobeba jeni. Lakini kusoma si kuelewa. Zaidi ya nusu ya jeni hizo hazikufanana na kitu chochote kilichojulikana, na hakuna aliyeweza kusema zina kazi gani.

Sasa kazi ya jeni isiyojulikana inagunduliwaje?

Inaondolewa, kisha watafiti wanaangalia kimelea kimeshindwa nini. Ni kama fundi wa umeme aliyeitwa kwenye nyumba ya zamani yenye waya zisizo na alama: anakata mmoja aone taa ipi imezimika.

Kimelea kikiwa katika damu ya mtu kina nakala moja tu ya kila jeni, wakati sisi binadamu tunazo mbili. Ukiiondoa hiyo moja, hakuna ya akiba, na upungufu unaonekana mara moja. Watafiti wanatengeneza kipande cha DNA, kitu ambacho jeni zimeandikwa ndani yake, na kukiingiza ndani ya kimelea kwa mshtuko mfupi wa umeme, ili kichukue nafasi ya jeni wanayoichunguza. Kipande hicho kimebeba pia kinga dhidi ya dawa fulani. Halafu vimelea vyote vinawekewa dawa hiyo: visivyopokea kipande vinakufa, vilivyopokea vinabaki na kuchunguzwa. Tangu mwaka 2014 kazi imekuwa nyepesi zaidi kwa mbinu ya krispa, inayokata DNA mahali hasa palipochaguliwa.

Na kama kila wanapojaribu hakibaki kimelea hata kimoja? Hapo ndipo mtafiti anapopata hamu, kwa sababu huenda amegusa jeni ambayo kimelea hakiwezi kuishi bila hiyo. Jeni ya namna hiyo haiondolewi, bali inapunguzwa nguvu kidogo kidogo ili ionekane kinachoharibika kwanza. Dawa mpya zinatafutwa hapo.

Ni kweli kwamba kimelea kinachotumika maabara duniani kilitoka Katanga?

Ni kweli, na ningependa kila mtoto wa Lubumbashi afundishwe jambo hili shuleni. Malaria ya watu haishiki panya wa kawaida wa maabara, kwa hiyo watafiti walihitaji kimelea cha panya kinachofanana na chetu. Mwaka 1948 Ignace Vincke na Lips, waliokuwa wakifanya kazi hapa Katanga, walikieleza kwa mara ya kwanza kimelea walichokitoa kwa panya wa vichakani. Kiliitwa *Plasmodium berghei*. Miaka ya 1960 kikapatikana kizazi kingine chake Kasapa, jina ambalo leo kila mtu mjini analijua kwa ajili ya chuo kikuu. Kizazi hicho kinaitwa ANKA, yaani Antwerpen na Kasapa, na hadi sasa ni miongoni mwa vinavyotumika zaidi duniani katika kuchunguza jeni.

Hicho cha panya kinaweza kuniambukiza?

Hapana. Hakishiki watu.

Wamefika wapi?

Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya jeni 2,578 za kile kimelea chenye asili ya Katanga, zilizoondolewa moja moja. Mwaka 2018 ikafuata kazi kubwa kama hiyo kwa *falciparum* mwenyewe, na jeni zipatazo 2,680 zilionekana kuwa za lazima kwa maisha yake katika damu. Ni karibu nusu ya jeni zote, na kila moja inaweza kuwa mlango wa dawa.

Mimi mgonjwa nimefaidika nini?

Wazee wanakumbuka klorokwini ilivyokuwa ikitibu, kisha ikaacha kutibu. Mwaka 2000 iligunduliwa jeni inayohusika, pfcrt: ikibadilika, kimelea kinaisukuma dawa nje ya mahali inapofanyia kazi. Watafiti waliichukua jeni iliyobadilika, wakaiweka katika kimelea kinachouawa na klorokwini, nacho kikawa sugu. Baada ya hapo hapakuwa na ubishi.

Leo tunaangalia jeni nyingine, kelch13, iliyotambuliwa mwaka 2014 kuwa alama ya usugu dhidi ya atemisinini, iliyo ndani ya dawa mseto tunazopewa sasa. Jeni hii husaidia kimelea kumeza hemoglobini, na atemisinini huamshwa na hemu, ile sehemu yenye chuma inayotoka katika hemoglobini hiyo. Ikibadilika, kimelea kichanga kinakula kidogo, na dawa inaamka kidogo. Mabadiliko hayo yameonekana Rwanda na Uganda, majirani zetu. Ndiyo sababu ninasisitiza kwa watu wa nyumbani: ukipewa dawa ya siku tatu, imalize siku tatu, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza.

Kuna faida pia upande wa chanjo. Mwaka 2005 vimelea vya panya vilivyoondolewa jeni moja, uis3, viliingia katika ini vikakwama humo, havikufika katika damu, na panya waliodungwa navyo walikingwa. Watafiti wanaendelea kujaribu njia hiyo kwa vimelea vya watu.

Mtoto wangu ana homa kali, lakini TDR, kile kipimo cha haraka cha malaria, inasema hana palu. Niamini?

Mama, mara nyingi TDR inasema kweli, na homa ina sababu nyingine ya kutafutwa. Lakini TDR nyingi zinatafuta protini moja, HRP2, na kuna vimelea vilivyopoteza jeni yake na bado vinaishi. Vilielezwa kwanza Peru mwaka 2010, baadaye vikaonekana Eritrea na Ethiopia. Homa isiposhuka, mrudishe mtoto kituoni, uombe damu yake iangaliwe kwa darubini. Akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au kuamka, usingoje kipimo chochote nyumbani. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.