Tairi za baiskeli ya mashindano: yasemwayo maskani na yalivyo barabarani

"Tairi nyembamba, ngumu kama jiwe, ndiyo yenye mbio."
Ni kweli kwenye lami laini kabisa, na lami hiyo Mombasa ni haba. Tairi ya 23, yaani upana wa milimita 23, iliyojazwa PSI 120 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) ikipita juu ya kabro au lami iliyobanduka hurukaruka, na kila mruko unakula nguvu za miguu. Hata waendeshaji wa Tour de France waliiacha 23 wakahamia 25, kisha 28. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi ya 28 aanze na PSI 70 nyuma na 65 mbele, halafu aongeze au apunguze kidogo kidogo. Asipunguze ovyo: akigonga shimo, rimu huibana tyubu na kuitoboa. Ukikuta matundu mawili sambamba, usihangaike kutafuta mwiba. Upepo ulikuwa mdogo.

"Tairi ya mashindano ni bora, basi ifae kila siku."
Ubora wake ni wepesi: gramu 200 na kitu, raba nyembamba. Njia ya malori, kuanzia Changamwe hadi Miritini, ina vipande vya waya vilivyotoka kwenye tairi zilizopasuka, navyo hupenya raba hiyo bila taabu. Ya kwendea kazini iwe 28 au 32 yenye mkanda wa kuzuia pancha, hata ikifika gramu 350. Ukipata pancha, kabla ya kutia tyubu nyingine pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Waya usiohisiwa na kidole hunasa nyuzi za kitambaa.

"Bila kashata utateleza mvuani."
Kashata, yale meno ya raba kwenye tairi, ni za tope. Kwenye lami kinachoshika ni raba yenyewe. Wakati wa masika ogopa oili, mchanga na rangi za vivuko vya waendao kwa miguu.

"Inchi 28 ni inchi 28."
Hapa ndipo pesa hupotea. Tairi ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, huandikwa 28 x 1½. Ya mashindano huandikwa 700 x 28C, na hiyo 28 ni milimita za upana. Soma namba ndogo ubavuni, ya kipenyo cha rimu kwa milimita: Black Mamba ni 635, baiskeli za zamani za inchi 27 ni 630, na 700C ni 622. Tairi ya 630 huingia kwa urahisi kwenye rimu ya 622, kisha huchomoka ukijaza upepo. Ya 622 haikubali rimu ya 630, na ukiilazimisha kwa bisibisi utakata tyubu. Pima pia nafasi ya breki na fremu, ibaki angalau milimita 4. Fremu nyingi za mitumba zenye breki za rimu hukomea 25 au 28.

"Jua la adhuhuri hupasua tairi, toa upepo."
Joto likipanda kutoka nyuzi 28 hadi 48, PSI 80 huwa kama 86 tu. Inayopasuka juani mara nyingi tyubu yake ilibanwa chini ya ukingo siku ilipofungwa. Jaza PSI 20 kwanza, sukuma ubavu wa tairi pande zote mbili ukizungusha gurudumu, na tyubu isipoonekana popote, jaza upepo uliobaki.