Thredi nane hazifanyi hesabu sambamba

Kazi kwenda sambamba ni kazi mbili au zaidi kutekelezwa kwa wakati uleule, kila moja kwenye kore yake, yaani kitengo kimoja cha kukokotoa ndani ya prosesa. Basi. Kinachochosha ni kusikia kila siku kwamba programu fulani iliyoandikwa kwa lugha ya Python "inaenda sambamba" kwa kuwa tu mwenyewe ameita ThreadPoolExecutor, zana ya kugawia kazi thredi (mikondo ya utekelezaji ndani ya programu moja), na kuipa thredi 8.

Python ya kawaida, yaani CPython, ina kufuli moja liitwalo GIL (Global Interpreter Lock) linaloshikwa na thredi moja tu kwa wakati, na thredi isiyolishika haitekelezi hata mstari mmoja wa Python. Lipo tangu 1992, na halikuwekwa kwa uzembe. Kila kitu ndani ya Python kina hesabu ya wangapi wanakitumia. Hesabu ikifika sifuri, kinafutwa kwenye memori. Thredi mbili zikiigusa hesabu hiyo kwa pamoja bila ulinzi, inavurugika, na kitu kinafutwa huku kuna anayekitumia. Kufuli moja kwa programu nzima lilikuwa dawa rahisi, tena halikupunguza kasi ya programu zenye thredi moja.

Kwa hiyo thredi zako nane zinapokezana. Yenye kufuli huombwa iliachie baada ya milisekunde 5 hivi kama kuna nyingine inasubiri. Zipe kazi ya kutafuta namba tasa, kisha fungua htop, zana inayoonyesha matumizi ya prosesa: programu yako itakaa kwenye asilimia 100, yaani kore moja, hata mashine ikiwa na nane. Pengine itachelewa kuliko ungetumia thredi moja, maana kupokezana nako kuna gharama.

Mbona basi kupakua kurasa mia kwa thredi kunaharakisha kweli? Kwa sababu kazi kubwa pale ni kungoja. Thredi inayosubiri seva ijibu huachia kufuli, nyingine ikaendelea. Ni mama lishe mmoja mwenye majiko matatu: maharage yanachemka huku anakata vitunguu, lakini mikono ni ileile miwili. Asyncio, maktaba ya Python ya kupanga kazi za kungoja, hufanya hivyohivyo kwa thredi moja tu, na bado wapo wanaoiita sambamba.

Hesabu zinazotaka kore zote zina maktaba ya multiprocessing, inayogawa kazi kwa prosesi (programu zinazoendeshwa kila moja peke yake) badala ya thredi, iliyoingia na Python 2.6 mwaka 2008. Kila prosesi huwa na Python yake na kufuli lake. Bei yake ni kwamba data unayozipitishia kwa kawaida hunakiliwa, na ikiwa kubwa, kunakili kwenyewe kunaweza kula muda wote uliookoa.

Najua kuna atakayesema GIL ilishaondolewa. Toleo la 3.13, Oktoba 2024, lilileta Python isiyo na GIL kwa majaribio, na kwenye 3.14 ikaacha kuwa ya majaribio. Ila ni Python ya pembeni, unaiweka kwa kukusudia. Kuanzia 3.13 unaweza kuiuliza mwenyewe: sys._is_gil_enabled(). Ikijibu True, sema tu kwamba thredi zako zinangoja kwa pamoja. Kwa programu ya kupakua kurasa, hiyo inatosha kabisa.