Si kila "free" ni bure

Nimesikia tena mtu akiwaambia wanakijiji kwamba mradi unahitaji "ridhaa ya bure" kutoka kwao. Alikuwa akifasiri maneno ya Kiingereza, "free, prior and informed consent", ambayo ONG (mashirika yasiyo ya serikali) nyingi za hapa Goma huyatumia zikienda kwa watu wanaokaa kando ya mbuga na misitu. Maneno hayo yamo katika Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, la mwaka 2007. Yanadai watu waulizwe kabla ya jambo kuanza, waelezwe ukweli wote, kisha wakubali au wakatae bila kushurutishwa na yeyote. Hilo la kutoshurutishwa ndilo Kiingereza kinaliita "free". Mzee wa kijiji akisikia "ridhaa ya bure" ataelewa kwamba wanataka akubali na asilipwe kitu. Neno moja limekosewa, na haki iliyoandikwa kwa ajili yake imemgeukia.

Basi kwa ufupi. "Free" ni mtu au nchi isiyo chini ya amri ya mwingine: huru. Ni kitu kisicholipiwa: bure. Ni kiti ambacho hakijakaliwa: kiko wazi. Ni mtu ambaye saa hiyo hana kazi: ana nafasi. Likibandikwa nyuma ya jina la kitu, kama kwenye chupa ya kinywaji kisicho na sukari, maana yake ni "bila" tu. Kamusi zina maana nyingine pia, lakini ugomvi wangu uko kwenye hizo mbili za kwanza.

Maana ya "huru" ndiyo kongwe, na hata hiyo ina mama yake. Mzizi wa neno ulihusu kupenda. Ndio uliozaa "friend", yaani rafiki, na katika Kisanskriti ukazaa "priya", mpendwa. Kupenda na uhuru vilikutana wapi? Vilikutana nyumbani. Katika boma la zamani waliishi watoto na ndugu za mwenye nyumba, na pamoja nao watumwa wake. Wapendwa walikuwa wale wa ukoo. Wengine walihesabiwa pamoja na mali. Ndivyo neno la "mpendwa wetu" lilivyokuwa neno la "asiye mtumwa". Warumi nao walikuwa hivyohivyo: "liber" kwao ni mtu huru, na "liberi" ni watoto wa nyumba.

Nasi tunalo letu, tena liko karibu kuliko watu wanavyodhani. Mwungwana, kabla ya kuwa mtu mwenye adabu, alikuwa mtu asiye mtumwa. Watu waliofika huku na misafara ya kina Tippu Tip walijiita wangwana, na Kiswahili chao kilichobaki upande huu wa Kongo kikaitwa Kingwana. Lugha yetu ilipewa jina la watu huru. Hakuna ambaye angefikiri kuiita lugha ya watu wa bure, maana mtu bure kwetu ni mtu asiyefaa kitu.

Habari ya bei iliingia karne nyingi baadaye. Aliyesamehewa ushuru alikuwa "free" mbele ya ushuru ule, yaani haukumshika. Polepole neno likatoka kwa mtu likahamia kwenye kitu, hata kitu kisicho na bei kikaitwa hivyo.

"Bure" yetu nayo ina njia zake ambazo "free" haizijui. Alinipiga bure: bila sababu. Nimetembea bure: sikupata nilichofuata. Kifaransa kinakuja nasi hatua kadhaa, kwa sababu shutuma isiyo na msingi kinaiita "gratuite". Kiingereza hakifiki huko kwa neno hili.

Linaloniuma zaidi ni historia yetu wenyewe. Nchi aliyoitawala Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, tangu 1885 hadi 1908 iliitwa kwa Kifaransa État indépendant du Congo, na vitabu vya Kiingereza vinaiita Congo Free State. Nimeisikia ikifasiriwa "Kongo ya bure". Hapana. Ni Dola Huru la Kongo, na uhuru uliotajwa ni wa dola: kwamba haliko chini ya dola jingine. Mkutano wa Berlin ulitaka pia bonde la Kongo liwe wazi kwa biashara ya mataifa yote, jambo ambalo Leopold alikuja kulifunga kwa kujitwalia mpira na pembe za ndovu. Watu waliopelekwa msituni kwa nguvu kugema mpira hawakuwemo katika "free" hiyo hata siku moja. Ukiandika "ya bure" unamfanya msomaji afikiri habari ni ya bei, na swali la kwamba ni nani alikuwa huru na nani hakuwa linapotea.

Waingereza na Wamarekani wenyewe wanasumbuka. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu za kompyuta uitwao GNU mwaka 1983, amelazimika miaka yote kueleza kwamba "free" yake inahusu uhuru wa mtumiaji kuisoma, kuibadilisha na kuigawa programu, wala haihusu bei. Wenzake wengine wameamua kuazima "libre", neno la Kifaransa na Kihispania la "huru". Kwa Kiswahili tunasema programu huria, na mambo yamekwisha.

Ila "libre" nayo inawatatiza wengine hapa mjini, wanaouliza kuhusu ULPGL, yaani Université Libre des Pays des Grands Lacs: "Kama ULPGL ni université libre, juu ya nini tunalipa minervali (ada ya masomo)?" Wadogo zangu, "libre" hapo inasema nani anakiongoza chuo. Ni chuo cha Waprotestanti, kilichoanza Goma mwaka 1985, na hakiendeshwi na serikali. Université Libre de Bruxelles inaitwa hivyo tangu karne ya 19, na wanafunzi wake hulipa. Elimu ambayo Katiba ya 2006 iliahidi kuwa ya bure, na ambayo serikali ilianza kuitekeleza mwaka 2019, ni ya shule za msingi za umma. Hiyo kwa Kifaransa ni "gratuite".