Kwa nini mhadhara mtamu hukuachia kidogo kuliko unavyodhani?

Wapo wahadhiri ambao wakimaliza kipindi, ukumbi mzima unatoka umeridhika. Hoja zimepangika, mifano imekaa mahali pake, kila mtu anajiona ameelewa. Mwaka 2019, Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti wenye swali la kichokozi: kweli wameelewa?

Waliwagawa wanafunzi wa fizikia ya utangulizi makundi mawili. Moja lilisikiliza mhadhara wa mwalimu mzoefu aliyejiandaa vizuri, akiwakokotolea maswali. Jingine lilipewa maswali yale yale, ila lilitakiwa kwanza kuhangaika nayo katika vikundi vidogo, ndipo mwalimu aonyeshe jibu. Kwa mada iliyofuata makundi yakabadilishana. Kila mara walijaza dodoso la jinsi walivyojiona wamejifunza, kisha wakafanya jaribio.

Waliohangaika walipata alama za juu zaidi. Na hao hao ndio waliosema wamejifunza kidogo!

Bingwa anapoeleza, msikilizaji hakwami popote, na wepesi huo anauhesabu kuwa ndio uelewa. Mgeni wa somo hana kipimo cha kumwonyesha asichokijua. Akikokotoa mwenyewe, mapengo yanajianika, naye anajiona mjinga kumbe ndiyo kwanza anajifunza. Kumbukumbu nayo ina tabia hiyo hiyo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Baada ya dakika tano, waliorudia kuisoma waliwashinda waliojipima kwa kuikumbuka bila kuangalia. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Anayemeza desa usiku wa kuamkia mtihani anaijua hali hii, hata kama hajui jina lake.

Isionekane kwamba ni jambo la fizikia ya Harvard tu. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Kwenye mihadhara ya kawaida walifeli karibu wanafunzi 34 kati ya 100; kwenye madarasa ya kushirikisha wanafunzi, karibu 22.

Hapa kwetu wanafunzi wenyewe waligundua dawa zamani. Pita jioni kwenye vimbweta vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uone diskasheni: mmoja anaeleza, mwingine anabisha, wa tatu anakiri hajaelewa kitu tangu mwanzo. Nadhani masomo mengi yanaelewekea pale kuliko ukumbini. Hata ukumbi wa watu mia kadhaa hauzuii jambo hilo. Eric Mazur, naye wa Harvard, mwaka 1991 alianza mtindo wa kusimamisha mhadhara: anauliza swali, kila mtu anachagua jibu, kisha anamshawishi jirani yake. Hakuhitaji kuhamisha hata kiti.

Kikwazo ni fomu za tathmini ya wahadhiri. Mwanafunzi akiulizwa tu alivyojiona, anayewatoa jasho anaweza kupewa alama ndogo kuliko msimulizi hodari, naye muhula ujao atarudi kusimulia. Kundi la Deslauriers lilijaribu njia rahisi: mapema katika muhula, mwalimu alitumia kama dakika 20 kuwaonyesha wanafunzi matokeo haya haya. Muhula ulipoisha, wengi walisema maelezo hayo yaliwasaidia kuupokea ule usumbufu.