Daraja refu ndilo ghali?

Kwenye foleni ya pantoni pale Pangani, tukiitazama Bweni ng'ambo, mzee mmoja alisema daraja ghali kuliko yote duniani lazima liwe ndilo refu kuliko yote. Wengi huamini hivyo, labda kwa sababu tumezoea kununua kanga na mbao kwa kipimo.

Lakini daraja halipimwi kama kitambaa. Danyang–Kunshan la China, la reli, ndilo refu kuliko yote: lina kilomita 164 hivi na liligharimu takriban dola bilioni 8.5. Upande wa mashariki wa daraja la Bay Bridge kule San Francisco, Marekani, uliofunguliwa 2013, haufiki kilomita 4, ila ulimeza bilioni 6.4!

La China hupita zaidi juu ya mashamba na mifereji, kwa vipande vinavyofanana, kama matofali ya kalibu moja. San Francisco kuna matope na matetemeko. Lile la 1989 liliangusha kipande cha daraja la zamani. Mnara wa jipya una miguu minne, iliyounganishwa kwa vyuma vilivyokusudiwa viumie vyenyewe ardhi ikitikisika, kisha vibadilishwe, mnara ubaki umesimama.