Dhana Potofu Kuhusu Pwani ya Unguja na Watu Wake

Mgeni anayefika Paje au Jambiani wakati maji yamekupwa hukuta bahari imerudi nyuma kilomita moja au zaidi, na mara nyingi hulalamika kwamba amekuja siku mbaya kwa kuwa pwani imebaki tupu. Katika yote yanayosemwa kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja, hili ndilo linalopotosha zaidi, maana saa za maji kupwa ndizo saa ambazo pwani huwa na kazi nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Wengine huchokoa pweza kwenye mashimo ya miamba, wengine huokota chaza, na wanawake wa kijiji huwa mashambani kwao, kwa sababu eneo hilo linaloonekana tupu ni shamba la mwani.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko mwaka 1989, na tangu mwanzo wakulima wake wengi wamekuwa wanawake. Mkulima hupigilia vigingi mchangani kwa safu, hutandaza kamba baina yake, kisha hufunga vipande vya mbegu kimoja kimoja kwa vikamba viitwavyo taitai. Baada ya wiki kama sita huvuna, hubeba mzigo ukiwa unatiririka maji, huuanika na kuuza. Kazi kubwa hufanyika wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa ndipo maji hukupwa mno. Katika siku hizo maji huwa chini kabisa mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo mama huyo huinama ndani ya maji ya magoti huku jua likimpiga mgongoni, naye hawezi kuahirisha, kwani maji yakianza kujaa shamba lote hufunikwa. Bahari kupata joto kumeongeza shida: aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi, ambayo wakulima huiita kotonii, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi, na wengi wamebaki na spinosamu ambayo bei yake ni ya chini.

Kutokana na hayo, dhana nyingine iliyoenea sana, kwamba watu wa pwani ni wavivu, haina msingi wowote. Anayewaona watu wamekaa barazani alasiri huona mapumziko yao tu. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni katika siku za giza, yaani zisizo na mbalamwezi, hufanya kazi kwa taa usiku kucha na kurudi alfajiri, hivyo kulala kwao mchana ni haki yao kama ilivyo kwa mlinzi au muuguzi wa zamu ya usiku.

Wapo pia wanaoamini kwamba ufukwe ulio mbele ya hoteli ni mali ya hoteli. Kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, ikiwa chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, na mwekezaji hukodishwa kwa muda. Mimi naona ni dhuluma mwanamke mwenye tenga la mwani anapoambiwa azunguke mbali ili asiharibu mandhari, wakati yeye na mama yake walikuwa wakipita hapo kabla ya hoteli kujengwa.

Kuhusu utamaduni, husemwa kwamba kila kitu kililetwa na masultani wa Oman. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi, yaani hati ya kale ya Kiarabu, yenye tarehe inayolingana na mwaka 1107, yaani zaidi ya miaka mia saba kabla ya Sayyid Said, sultani wa Oman, kuhamishia makao yake Unguja. Wahadimu, wenyeji wa asili wa Unguja, walikuwa na mtawala wao, Mwinyi Mkuu, ambaye jumba lake lilikuwa Dunga, na nasaba hiyo ya utawala ilifikia kikomo mwaka 1873. Taarabu nayo ilichukua mengi kutoka Misri, lakini Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alirekodi nyimbo zake Bombay. Kupokea kitu na kukifanya chako ni kazi ya utamaduni ulio hai.

Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaofanyika mwezi Julai, hudhaniwa kuwa tamasha la watalii au ugomvi wa kweli. Ni mwaka mpya wa kalenda ya jua, kalenda ambayo mabaharia na wakulima waliihesabu kwa miongo ya siku kumi kumi ili kujua majira. Wanaume hupigana kwa migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita, kibanda cha makuti huchomwa, na kila nyumba hupenda kuwa na mgeni siku hiyo.

Hadithi kwamba misumari ya shaba kwenye milango ya Mji Mkongwe iliwekwa kuzuia tembo ni ya kuwafurahisha wageni tu. Unguja haina tembo wa porini, na mtindo huo ulitoka Bara Hindi. Vilevile hukosea anayedhani kwamba karafuu ni zao la Unguja hasa: nyingi hutoka Pemba, hasa tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja.

Imebaki dhana inayoumiza kimyakimya: kwamba wenyeji wakinyamaza wameridhika. Mzee wa Jambiani hatamkemea mgeni hadharani, kwani kumfedhehesha mgeni ni kukosa adabu, ila atamwita kijana anayemwongoza na kumweleza pembeni. Mgeni anayepita kijijini na afunike mabega na magoti, asile njiani mchana wa Ramadhani, wala asimpige picha mkulima wa mwani kabla ya kumwamkia na kumwomba ruhusa.