Je, wajua kwa nini rimu hutoka jasho la zambarau?

Ukimkuta mtu anayejua kuosha gari amechuchumaa mbele ya tairi, simama uangalie. Anapulizia rimu dawa isiyo na rangi, halafu anatulia. Hasugui wala hamwagi maji. Haipiti dakika mbili, vidoa vya zambarau vinaanza kujitokeza hapa na pale, vinakolea, vinachuruzika kama wino uliomwagika. Pua nayo inapata harufu ya yai viza. Na rimu yenyewe ilikuwa imeshasuguliwa kwa sabuni mara tatu, lakini ule weusi wenye vipunje vya rangi ya machungwa haukutikisika.

Sabuni imeshindwa vipi, na dawa hiyo imewezaje? Ni kwamba kile tunachokiita uchafu wa rimu, kikishakaa majuma kadhaa, si uchafu tena. Ni chuma kilichoota kutu palepale kiliponasa, na sabuni haina ubavu kwa kutu.

Chuma hicho kinatoka kwenye breki. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa hubeba nishati ya karibu kilojuli 580. Ukikanyaga breki hadi lisimame, sehemu kubwa ya nishati hiyo hugeuka joto pale pedi zinapoibana diski, ile sahani inayozunguka pamoja na gurudumu. Joto hilo lingechemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji ya bombani, na yote hayo hutokea ndani ya sekunde chache. Katika kubanana huko, pedi inasagika na diski inasagika.

Watu wengi huilaumu pedi peke yake. Kweli, pedi ina mengi ndani yake: nyuzi za chuma, grafiti, unga wa madini, punje ngumu za kukwaruza, na resini ya fenoli inayovishikanisha vyote kama gundi. Lakini diski nayo, ambayo kwa kawaida ni chuma cha kusubu, huliwa kila unapokanyaga. Ndiyo maana fundi makini huipima unene kabla ya kufunga pedi mpya. Kama huamini kwamba vumbi hilo lina chuma, kwangua kidogo ule unga mweusi uliolala upande wa ndani wa rimu, umwage kwenye karatasi, kisha pitisha sumaku chini yake. Utauona unga ukisimama wima kama manyoya ya paka aliyeshtuka, halafu unaifuata sumaku kokote unakoipeleka.

Rimu za mbele huchafuka zaidi kwa sababu gari likifunga breki uzito wake hulemea mbele, na breki za huko ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Gari lenye breki za ngoma nyuma litakuwa na rimu safi zaidi huko, si kwa sababu breki za ngoma hazisagiki, bali kwa sababu vumbi lake hubaki limefungiwa ndani.

Sasa, vumbi hushikaje? Maelezo yanayopendwa ni kwamba chembe hutoka zikiwa za moto kama cheche na kujichoma ndani ya rangi. Joto lina mchango wake, sikatai: rimu iliyo karibu na diski ya moto hupata joto, na mabaki ya resini pamoja na utando wa mafuta ya barabarani huganda juu yake kama masizi kwenye sufuria. Lakini kwa maoni yangu joto limepewa sifa isiyokuwa yake yote. Kinachomalizia kazi ni maji. Chembe ya chuma ikishatua kwenye vanishi ya rimu, ikapata unyevu wa mvua au umande, inaanza kuota kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo chembe inavimba, inajipenyeza kwenye mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, na kushikamana na jirani zake. Siku ya kwanza ungeifuta kwa kitambaa. Mwezi wa pili unahitaji kuiyeyusha.

Sabuni ni hodari kwa mafuta. Upande mmoja wa molekuli yake hushika mafuta, mwingine hushika maji, na tope zima linaondoka. Kutu si mafuta, wala haiyeyuki majini. Unaweza kumaliza ndoo tano za povu na usiiguse, zaidi ya kuondoa vumbi la juu na kuiacha yenyewe ikionekana vizuri zaidi!

Ile dawa inayogeuka zambarau hushambulia chuma chenyewe. Kiungo chake kikuu mara nyingi ni amonia thayoglaikoleti, na kama jina hilo ni geni kwako, huenda harufu yake si ngeni: ndicho kiungo cha dawa za saluni za kukunjia nywele, zile za kalikiti, na ndugu zake wa karibu wamo kwenye krimu za kuondoa vinyweleo. Kwenye nywele, molekuli hiyo hukata vifungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake. Kwenye rimu, salfa ileile huishika ayoni ya chuma, huitoa kwenye kutu na kuifanya iyeyuke majini. Muungano huo wa chuma na thayoglaikoleti una rangi ya zambarau iliyoiva. Hakuna rangi ya urembo iliyotiwa kwenye chupa ili kukufurahisha. Unachokiona kikichuruzika ni chuma.

Hapa pana mtego, nami niliwahi kuingia. Dawa ikiigusa diski, diski nayo hutoa zambarau, tena kwa wingi, maana yote ni chuma. Nilipulizia mara nne mfululizo nikishangaa rimu hii ina uchafu kiasi gani, kumbe mto wote ulikuwa unatoka kwenye diski nyuma ya spoku. Tazama uso wa rimu wenyewe. Ukiona hautoi rangi mpya, dawa imemaliza kazi yake, hata kama chini kunatiririka.

Kuitumia si kazi ngumu, ila ina utaratibu. Rimu iwe imepoa kabisa na gari liwe kivulini, kwa sababu dawa ikikaukia kwenye rimu ya moto huacha madoa mengine mapya. Anza kwa maji na sabuni uondoe tope, usije ukapoteza dawa kwa vumbi ambalo lingetoka bure. Acha maji yachuruzike, kisha pulizia gurudumu moja tu. Subiri dakika tatu hadi tano, au kadiri chupa inavyoelekeza, na uikoroge kwa brashi laini hasa kwenye kona za spoku na mashimo ya nati. Suuza kwa maji mengi. Kama gari halijaoshwa vizuri kwa mwaka mzima, rudia mara ya pili na ya tatu. Kutu hutoka tabaka kwa tabaka. Vaa glavu, maana kitu kinachoweza kulegeza unywele hakiihurumii ngozi.

Baada ya hapo pitisha kidole, kikiwa ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, juu ya rimu iliyolowa. Plastiki hufanya kidole kihisi punje ambazo kingezipita. Ukisikia ukwarukwaru wa punje nyeusi zisizobadilika rangi kwa dawa, hiyo ni lami. Lami hutaka kiyeyusho chake: kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa kidogo, kikiwekwa juu yake kwa muda na kupanguswa taratibu, huitoa, kisha unaosha mafuta hayo kwa sabuni. Thina ya rangi iache ilipo, kwani inaweza kuondoka na vanishi. Zikibaki punje chache ngumu, kuna udongo laini maalumu wa kusafishia rangi ya gari. Unaukandakanda, unateleza nao juu ya maji ya sabuni, nao unazing'oa.

Lakini watu hawana subira, na hapo ndipo rimu nyingi hufia. Kosa la kwanza ni waya wa kusugulia sufuria. Unakwaruza vanishi, na juu ya hayo unaacha vipande vyake vya chuma ndani ya mikwaruzo hiyo, ambavyo navyo vitaota kutu. Umeondoa chembe mia ukapanda elfu. La pili ni dawa ya oveni. Nyingi zina magadi makali ya soda kaustiki, na soda kaustiki ikikutana na alumini tupu, ambayo ndiyo imetengenezea rimu nyingi zinazong'aa, huila huku ikitoa mapovu ya haidrojeni. Rimu iliyokuwa inang'aa inabaki na weupe mfu kama chokaa.

La tatu ndilo linalonitisha. Zipo dawa za rimu zenye asidi ya haidrofloriki au chumvi zake, kama amonia baifloraidi. Zinafanya kazi haraka mno, ndiyo maana hupendwa na wanaoosha magari mengi kwa siku. Asidi hiyo ikikupata mkononi ikiwa hafifu, huenda usisikie chochote kwa saa kadhaa, wakati yenyewe inazama chini ya ngozi na kuunyang'anya mwili wako madini ya kalisi. Maumivu yanapokuja, imeshafika mbali. Soma kibandiko cha chupa. Ukiona neno lolote lenye florini (kwa Kiingereza "fluoride" au "hydrofluoric"), irudishe ulikoitoa. Ikishakugusa, osha kwa maji mengi papo hapo na uende hospitali, hata kama hakuna kinachouma.

Siki na ndimu? Zinaila kutu, polepole, na hufifisha alumini isiyo na vanishi. Soda nyeusi ina asidi ya fosforiki kidogo, lakini utabaki na rimu yenye sukari na nzi.

Kuna hali ambayo dawa yoyote haitasaidia. Ukiona chini ya vanishi kuna mistari myeupe inayotambaa kama njia za minyoo, au malengelenge, hiyo si kutu ya vumbi la breki tena. Vanishi imetoboka, unyevu umeingia, na alumini yenyewe inaoza. Rimu hiyo inataka kukwanguliwa na kupakwa rangi upya.

Ukishasafisha, paka nta au kinga nyingine ya rangi kwenye rimu peke yake. Chembe mpya zitapata pagumu kujishikiza na maji ya kawaida yatazitoa. Nta isiguse diski hata tone, la sivyo utajua siku unayohitaji kusimama. Usipulizie vumbi kavu kwa hewa ya kompresa pia. Pedi za magari ya zamani zilikuwa na asbesto, na hata za leo hutoa chembe ndogo zinazofika hadi mapafuni. Sheria zimeanza kuliona hilo: kanuni ya Euro 7 ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa 2024, imeweka kikomo cha vumbi la breki kwa magari mapya madogo, miligramu 7 kwa kilomita kwa yale yenye injini na 3 kwa ya umeme. Ya umeme yamebanwa zaidi kwa kuwa mota yake husaidia kupunguza mwendo na pedi hupumzika.

Ukimaliza kuosha, kabla ya kuegesha gari, liendeshe kidogo na ukanyage breki mara kadhaa zikauke, maana diski iliyolowa haishiki vizuri mwanzoni. Hata hivyo kesho asubuhi, katikati ya rimu zako zinazometa, huenda ukakuta diski imevaa utando wa rangi ya machungwa. Usishtuke. Ukitoka na kukanyaga breki mara ya kwanza utasikia mkwaruzo mfupi, krrr, utando unafutika, na unga wake unaenda kutua kwenye rimu.